Hera Pheri (2000): Itazame nzima, na usikilize simu

Wengi wanaoipenda Hera Pheri, filamu ya vichekesho ya Kihindi, huku Kisumu wameipenda kwa vipande vinavyosambazwa kwenye simu: Baburao akifoka, Baburao akimlilia Mungu, Raju akicheka huku Shyam amenuna. Vinachekesha, hilo halina ubishi. Lakini raha ya filamu hii haikai kwenye sentensi moja moja. Imejengwa taratibu, tofali juu ya tofali, kabla ya ile simu kubwa kulia, na asiyeiona dhiki iliyotangulia hawezi kucheka kicheko chote. Kwa hivyo tathmini hii ina mambo mawili ndani yake: ubora wa filamu yenyewe, na namna ya kuitazama isikuharibikie mkononi, maana filamu hii huharibika kwa urahisi kuliko nyingi.

Ilitoka tarehe 31 Machi 2000. Mwelekezi ni Priyadarshan, mtu wa jimbo la Kerala kusini mwa India, na hadithi aliitoa kwenye filamu ya Kimalayalam ya mwaka 1989, Ramji Rao Speaking, iliyoelekezwa na Siddique na Lal. Mazungumzo ya Kihindi yaliandikwa na Neeraj Vora. Nyimbo ni za Anu Malik, mashairi ya Sameer. Urefu wake ni takriban dakika 156. Kumbuka nambari hiyo, tutaihitaji hapo chini.

Mpenzi wa filamu za ngumi anaweza kupotoshwa na majina mawili ya kwanza kwenye bango. Wakati ule Akshay Kumar alijulikana kwa mfululizo wa filamu za mapigano za Khiladi, na Suniel Shetty kwa kupiga watu. Priyadarshan aliwachukua wanaume hao waliozoeleka kushinda, akawafungia kwenye nyumba moja pamoja na madeni. Wa tatu, Paresh Rawal, alikuwa amezoeleka katika nafasi za wabaya, na tena alikuwa amemwigiza Vallabhbhai Patel, kiongozi wa uhuru wa India, katika filamu ya Sardar. Hapa akawa Baburao Ganpatrao Apte, na akapata tuzo ya Filmfare ya uigizaji bora wa vichekesho. Hakuna tuzo iliyostahili zaidi.

Shyam (Suniel Shetty) amekuja Mumbai kudai kazi. Baba yake alikufa kwenye moto uliozuka katika benki aliyoitumikia, na Shyam anataka nafasi iliyoahidiwa familia ya marehemu. Anuradha (Tabu) anaidai nafasi hiyohiyo, naye ana haki yake. Raju (Akshay Kumar) ni mtu wa ujanja mdogomdogo, leo ana kibarua kesho hana, na mama yake anaamini mwanawe ni injinia. Baburao ndiye mwenye nyumba, tena ni mwenye gereji iitwayo Star Garage, lakini gereji haiingizi kitu na madeni yamemfika shingoni. Raju ni mpangaji asiyelipa kodi. Shyam anaingia kuwa mpangaji wa pili. Juu ya hayo yupo Khadak Singh (Om Puri), anayemwandama Shyam kwa deni, kwa kuwa anahitaji pesa za harusi ya dada yake.

Anayepanga Nyalenda au Manyatta hahitaji kuelezwa hali hiyo, isipokuwa kwa jambo moja ambalo ndilo siri ya filamu: hapa mwenye nyumba naye hana kitu. Hawezi kumfukuza mpangaji kwa sababu hakuna mwingine anayekuja, na mpangaji hawezi kuhama kwa sababu hana pa kwenda. Kwa hiyo wanagombana kutwa na bado wanabaki pamoja. Sehemu hii ni ndefu, na hapa ndipo watazamaji wengi husogeza mbele. Usisogeze. Kila deni unalolisikia hapa litarudi baadaye kudai chake, na Priyadarshan halisahau hata moja.

Kisha simu. Gereji ina simu ya mezani, na kosa lililofanyika kwenye kitabu cha simu limeweka namba ya Star Garage penye jina la Star Fisheries, kampuni ya samaki ya tajiri aitwaye Devi Prasad (Kulbhushan Kharbanda). Kosa lenyewe linaaminika kabisa: kwa mpangilio wa alfabeti, Fisheries na Garage ni majirani, mstari mmoja juu ya mwingine. Jambazi Kabira (Gulshan Grover) anamteka Rinku, mjukuu wa Devi Prasad, anafungua kitabu, anapiga simu kudai fidia, na simu inalia kwa Baburao.

Hapa ndipo Raju anapopata wazo. Badala ya kumwambia Kabira amekosea namba, wao watajifanya upande wa Devi Prasad wanapoongea na Kabira, na watajifanya Kabira wanapoongea na Devi Prasad. Kabira anataka rupia laki 10. Wao watamdai Devi Prasad laki 20, wampe Kabira laki zake 10, wabaki na 10.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama ufuoni Dunga asubuhi anaijua biashara hii. Ni udalali wa samaki: broka anakula pale katikati mradi mvuvi na mnunuzi wa mjini wasikutane wakaulizana bei. Kanuni zake ni zilezile, na filamu inazijaribu moja baada ya nyingine. Pande mbili zisikutane. Bei ya huku isisikike kule. Mzigo na pesa vifike kwa wakati mmoja, maana broka hana mtaji wa kulipa upande mmoja huku akingoja mwingine. Raju na wenzake hawana hata shilingi ya kuzibia pengo, kwa hiyo pesa zikichelewa saa moja, mtoto yuko hatarini na wao pia. Vichekesho vyote vya nusu ya pili vinatoka kwenye kanuni hizo kuvunjika. Mnunuzi, yaani Devi Prasad, anakuja na polisi. Mwenye mzigo, yaani Kabira, anakasirika na kupandisha bei hadi laki 20, nao wanakwenda kwa Devi Prasad kudai 40.

Inafaa kupiga hesabu, kwa sababu maandishi ya chini ya skrini, yale ya tafsiri, hayakupi uzito wa pesa hizo. Laki 10 ni rupia milioni moja. Kwa viwango vya mwaka 2000, dola moja ilikuwa kama rupia 45, na kwetu kama shilingi 76. Kwa hiyo Kabira alikuwa anadai takriban shilingi milioni 1.7 za Kenya za wakati ule. Faida ya awali ya wale watatu, ikigawanywa sawasawa, ni kama shilingi 565,000 kwa kila mmoja. Si utajiri wa kununua ghorofa Milimani. Ni pesa za kulipa madeni na kuanza upya, na ndiyo maana unawatakia wafanikiwe ingawa wanachokifanya ni kosa. Angalia pia kwamba faida yao kila mara ni sawa na dai la Kabira: akiongeza yeye, na wao wanaongeza. Tamaa yao imefungwa kwenye tamaa ya jambazi, na ukiliona hilo utacheka mapema zaidi kila Kabira anapopiga simu.

Sasa Baburao. Mwangalie Paresh Rawal wakati haongei. Miwani yake ni mizito kiasi kwamba macho yanaonekana makubwa nyuma ya vioo, na yeye huinua kidevu kutafuta mahali ambapo kioo kitamwonyesha anayeongea naye. Mdomo unabaki wazi nusu. Anatembea na dhoti yake, kitambaa cha kufunga kiunoni, kama mtu asiye na uhakika na sakafu. Simu ikilia, Baburao hukasirika kabla hajaipokea, kwa sababu keshazoea kuulizwa habari za Devi Prasad na samaki. Kisha hupiga kelele kwenye kipokezi kana kwamba umbali wa mpigaji unategemea nguvu ya mapafu. Rawal anacheza kila simu kama mazungumzo ya watu wawili, ilhali sisi twamwona mmoja tu. Anangoja kwa muda ule ule ambao mtu halisi angengoja, uso unabadilika kabla ya jibu, na hapo ndipo kicheko kilipo: kwenye kungoja. Hata ile dua yake maarufu, anapomwomba Mungu achukue roho na papo hapo kufafanua kwamba si yake bali ya wale wawili, inafanya kazi kwa sababu ya pumzi aliyoivuta katikati. Kipande kinachosambazwa kwenye simu mara nyingi hukata pumzi hiyo.

Akshay Kumar anafanya kazi ya kasi: mikono, macho, uongo tatu kwa mpigo. Suniel Shetty anabaki mzito na mwenye hasira, na wengi humdharau kwa hilo. Wanakosea. Pasipo mtu mmoja anayeichukulia dhiki kwa uzito, wale wengine wawili wangekuwa wapiga kelele tu.

Kuna kasoro, na shabiki wa kweli azikubali. Tabu ni mwigizaji mkubwa, na Anuradha anaanza akiwa na kesi nzito kama ya Shyam, kisha filamu inamweka pembeni mara simu inapochukua hatamu. Utani wa macho mabovu ya Baburao unarudiwa kupita kiasi. Pambano la mwisho, ambapo makundi yote yanakutana, lina kelele nyingi na lingeweza kukatwa dakika kadhaa bila hasara. Nyimbo nazo zinasimamisha mwendo. Ukiwa na haraka, unaweza kuruka nyingi, lakini bakiza Denewala Jab Bhi Deta, kwa sababu humo ndimo ndoto ya wale watatu inapoonekana kwa ukamilifu: aliye juu akitoa, anatoa hadi anapasua paa.

Lugha. Baburao ana jina la Kimarathi na anaongea Kihindi cha mitaa ya Mumbai, kile cha "mereko" na "tereko", na hicho ni nusu ya ucheshi wake. Khadak Singh ni Mpunjabi, na lafudhi yake ni nzito vilevile. Maandishi ya Kiingereza yanawafanya wote waongee sawa. Usisome tu, sikiliza jinsi sauti zinavyopishana. Na ukitazama na rafiki anayejua Kihindi, Kigujarati au Kipunjabi, na Kisumu haikosi watu hao, mwombe akuambie nani anaongea vipi, si kutafsiri kila neno.

Tukija kwenye nakala. Ukiipata kwenye huduma halali ya kulipia, chukua hiyo na mambo mengi yaliyo hapa chini hayatakuhusu. Vinginevyo, kabla ya kukaa, angalia urefu. Ikisoma karibu dakika 156, iko kamili. Ikisoma karibu 150, usikimbilie kusema imekatwa: filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na nakala iliyotengenezwa kwa mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio uliotumika Kenya pia, huendeshwa kwa picha 25. Kila kitu kinakimbia kwa asilimia 4, sauti inakuwa nyembamba kidogo, na dakika 156 zinakuwa kama 150. Inatazamika. Ikiwa chini ya dakika 140, hapo kuna mtu ametoa nyimbo, na kwa kawaida anayetoa nyimbo hutoa na mazungumzo ya kabla na baada yake. Iache.

Tofauti hiyo ya 24 na 25 ndiyo inayosababisha lile tatizo la maandishi ya chini kuanza sawa kisha kupotea njia. Maandishi yaliyopangwa kwa nakala ya kasi yakiwekwa kwenye nakala ya kawaida, baada ya saa moja yatakuwa yametangulia kwa zaidi ya dakika mbili, na utasoma jibu la Kabira kabla Baburao hajauliza. Hakuna kubonyeza kitufe kutakakolitibu hilo kwa kudumu; tafuta faili nyingine ya maandishi iliyotengenezewa urefu wa nakala yako. Lakini kama maandishi yamechelewa au kutangulia kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, hilo ni rahisi. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kwa kompyuta ya Windows, herufi H huyachelewesha na G huyawahisha, kila mbonyezo milisekunde 50, yaani mibonyezo 20 kwa sekunde moja. Pimia kwenye sentensi fupi ya mtu anayeonekana mdomo wazi. Na faili ya maandishi ipe jina lilelile la filamu, ziwe folda moja, la sivyo huenda programu isiione yenyewe.

Sauti ndiyo jambo ambalo vibanda vingi vya video hulikosea. Filamu ya mapigano hufurahia wufa kubwa, spika ya besi. Hii haifurahii. Maneno ya Baburao yanabebwa na sauti za kati, na besi ikizidi huyafunika yote. Punguza besi hadi karibu na sifuri, pandisha kidogo eneo la kilohezi 1 hadi 4, na weka spika usawa wa masikio badala ya sakafuni. Ukisikia muziki unanguruma lakini watu wananong'ona, yaelekea nakala ina sauti ya chaneli sita na televisheni yako inatoa mbili tu, kwa hiyo chaneli ya katikati, yenye mazungumzo, imepotea au imefifia. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague chaneli mbili, au chagua njia nyingine ya sauti ikiwa faili inayo.

Wenye vibanda Kondele na Obunga waipange mchana. Kisumu mvua hupenda kushuka jioni, na mvua juu ya mabati inaua filamu ya mazungumzo kabisa. Ukianza saa nane kamili na kupumzisha watu dakika 10, utamaliza saa kumi na dakika 46, kabla ya mechi za jioni kudai skrini. Mapumziko yawekwe pale filamu yenyewe inapoyaweka, usikate katikati ya simu. Stima ikipotea wakati simu inaendelea, ikirudi rudisha filamu hadi simu ilipoanza kulia, si pale ilipokatikia, maana mtazamaji atakuwa amesahau nani anajifanya nani.

Kuna wanaopenda nakala zenye msimulizi wa Kiswahili juu yake. Wasimulizi wetu ni wasanii hodari, na katika filamu ya kukimbizana wanaongeza ladha. Kwa Hera Pheri, waache wawe mara ya pili. Msimulizi anajaza kila kimya, na filamu hii inaishi kwenye kimya cha mtu aliyeshika kipokezi. Ukishaijua, msimulizi mzuri atakufurahisha kwa jinsi anavyompa Baburao maneno ya mtaani.

Kwa familia inafaa. Mtoto wa miaka kumi ataifuata vizuri. Kuna ulevi, matusi mepesi na makofi mengi, na Rinku aliyetekwa haonyeshwi akiumizwa. Ila watoto wa leo waelezwe mambo mawili kabla ya kuanza, la sivyo watauliza katikati: simu ile ya mezani haionyeshi namba ya anayepiga, na kitabu cha simu kilikuwa kitabu cha karatasi, kosa likishachapishwa linabaki hadi toleo jingine.

Kuhusu muendelezo, Phir Hera Pheri ya mwaka 2006 iliandikwa na kuelekezwa na Neeraj Vora mwenyewe. Wale watatu wamekuwa na pesa, wanazitia kwenye mpango unaoahidi kuzizidisha mara mbili kwa siku 21, na mengine unayabashiri. Ina mashabiki wengi, na Rawal bado ni yuleyule. Lakini watu ni wengi mno, mbio ni nyingi mno, na ule utulivu wa chumba kimoja chenye simu moja haupo tena. Itazame wiki nyingine, si usiku uleule. Ukiziunganisha, ya pili itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Anayetaka kuona hadithi ilikotoka atafute Ramji Rao Speaking, ya Kimalayalam, kwa maandishi ya chini, baada ya kuijua hii vizuri.